Chemshabongo inayojua kuficha ngeli

Vijitabu vingi vya fumbo la maneno vinavyouzwa kwenye vibanda vya magazeti havidai zaidi ya kumbukumbu: kidokezo husema "mji mkuu wa Malawi", nawe ukishajaza visanduku vinane umemaliza. Kijitabu ninachokihakiki hapa, ambacho kimeandikwa chote kwa Kiswahili na kinaingia mfukoni bila taabu, kinajaribu jambo gumu zaidi, nalo ni kumtega msomaji kwa maneno anayoyatumia kila siku, yale yenye umbo moja na maana mbili, tatu au zaidi.

Mchezo huu ulianzia Marekani, katika gazeti la New York World la Desemba 1913, kwa fumbo lililotungwa na Arthur Wynne, na tangu hapo watunzi wa Kiingereza wamekuwa na nafuu moja ambayo sisi hatuna: nomino zao haziburuti viambishi vya ngeli nyuma yake. Kwa Kiswahili, "paa" akiwa mnyama anakimbia, lakini likiwa sehemu ya nyumba linavuja, na mara kiambishi kinapojitokeza mtego umeshafyatuka bila kunasa kitu. Uwezo wa kukificha kiambishi hicho ndio kigezo changu, na kwa kigezo hicho mtunzi wa kijitabu hiki, katika kurasa zake nzuri, anastahili sifa.

Silaha yake kuu ni "hu-" ya mazoea, ambayo haibebi ngeli yoyote. Kidokezo "Hukuna bila kuwashwa", cha herufi tano, kinampeleka msomaji moja kwa moja kwenye "kucha", neno ambalo kwa ujanja wa makusudi nalo lina herufi tano na linakaa kwenye visanduku kwa utulivu mpaka herufi za wima zilikatae. Jibu ni "mbuzi", ile ya kukunia nazi. Cha kupendeza zaidi ni "Mmoja huenda baharini, mwingine hubaki kitandani", cha herufi tatu, ambacho humfanya msomaji awaze mvuvi na mgonjwa, kwa sababu amezoea kuwa "mmoja" na "mwingine" ni watu. Maneno hayo, hata hivyo, hupatana vilevile na nomino za ngeli ya U-I, na jibu ni "mto". Hapo ngeli haikufichwa tu, bali imetumwa kudanganya. Kisha, kurasa chache mbele, mtunzi anageuza mbinu: katika "La moto huunguza, wa pwani hubana" ameuacha upatanisho wazi na kuiondoa nomino yenyewe, hivyo "la" na "wa" ndivyo vinavyoliita "kaa". Sijaona kidokezo kifupi cha Kiswahili kilichosukwa vizuri kuliko hicho.

Ubora huo haudumu. "Limeezekwa kwa makuti" ni kidokezo kilichojifichua kwa silabi yake ya kwanza, kwani "li-" inamfukuza paa wa porini kabla msomaji hajapata nafasi ya kumfikiria. "Mama wa baba, au kiungo cha mchuzi" ni fasili mbili za kamusi zilizogandishwa kwa "au", na zaidi ya hayo msomaji wa Tanzania aliyekua akisema "bibi" atasita kwenye "nyanya" mahali ambapo Mkenya anajaza bila kufikiri. Tofauti za kimaeneo zinaweza kutumiwa kwa haki, na kijitabu chenyewe kinalithibitisha hilo kinapodokeza "tembo", pombe ya mnazi na pia ndovu, kwa maneno "Hulewesha pwani, hutisha bara".

Magazeti ya Marekani huweka alama ya kuuliza mwishoni mwa kidokezo chenye mchezo wa maneno. Kijitabu hiki hakitoi onyo hilo, nami naona ni sawa, ingawa anayeanza atateseka kidogo. Ninachokilalamikia ni ritifaa, ile alama inayotenganisha ng' na ng: mchapaji ameifuta kabisa katika majedwali, kwa hiyo "ng'oa" na "ngoa" yanaandikwa sawasawa, na mtu aliyepewa kidokezo kuhusu wivu anaweza kudhani anang'oa mti. Kwa kuwa maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, kisanduku cha mwisho tayari ni cha kukisia, na uzembe wa namna hiyo unaharibu bure ugumu uliobaki. (Safu za mlalo zimepewa kichwa "Kulia", mtunzi mwenye jicho kali angeliingiza neno hilo ndani ya jedwali, pamoja na machozi yake na mkono wake wa chakula.)

Kijitabu kinawafaa walimu wa Kiswahili wa sekondari na watu wazima wanaopenda lugha kuliko habari za miji mikuu. Ukurasa wa majibu, kwa bahati mbaya, unatoa maneno matupu bila kueleza maana ipi ilikusudiwa, na kijana wa mjini ambaye nazi kwake hutoka kwenye pakiti atahitaji kuweka Kamusi ya Kiswahili Sanifu karibu ili ajue mbuzi huyo anakunaje.