Wakala nyota mbili, mwalimu wa Kijerumani nne

Mimi ni nesi wa diploma hapa Nakuru, na hii safari ya kutafuta kazi Ujerumani imeingia mwaka wa pili. Kila wiki kuna mtu ananiuliza kama yule wakala wangu ni wa kweli.

Ni wa kweli. Ofisi ipo, ghorofa ya tatu, na chai unapewa. Nililipa Sh80,000 za kufungua faili. Ndani ya faili mlikuwa na cheti, matokeo ya chuo na leseni ya Baraza la Wauguzi, nakala nilizotoa mwenyewe kwa shilingi kumi ukurasa. Tafsiri nikalipia kando. Miezi minne baadaye: "Sista, tunangoja mwajiri."

Mwenzangu wa darasa la Kijerumani ndiye aliyenifumbua macho. Serikali ya Ujerumani ina nembo ya uajiri wa haki kwa wauguzi, na sharti lake ni kwamba gharama za kuajiri analipa mwajiri, si nesi. Nikamuuliza wakala kama anayo hiyo nembo. Akaniongezea chai.

Darasa ni hadithi nyingine. Tunaanza jioni baada ya zamu, na mwalimu hana huruma. Ukilalamikia der, die, das, yale maneno yanayoonyesha jinsia ya nomino za Kijerumani, anakuuliza kama ngeli za Kiswahili ulizipata dukani. Alitufanyisha ripoti ya kukabidhiana wodi mpaka nikaiota. Huko nesi wa kike huitwa Schwester, yaani sista, kama wazee wetu wanavyotuita, kwa hiyo neno hilo halikunisumbua.

Niliacha kungoja nikaandikia hospitali moja kwa moja. Waliojibu walitaka cheti cha Kijerumani cha ngazi ya B2 na barua ya kutambuliwa kwa masomo, ambayo hutolewa na jimbo unakoenda. Yangu iliporudi nililia, nikidhani nimekataliwa. Kumbe ilikuwa imetaja saa za mafunzo zinazopungua tu: unazifidia kwa kozi au mtihani ukiwa kulekule, huku ukifanya kazi ya nesi msaidizi. Hospitali iliyonichukua ililipa yenyewe yuro 411 za utaratibu wa haraka wa viza. Sasa nangoja viza.

Mwalimu nimemkata nyota moja kwa sababu ya mazoezi ya kusikiliza. Ni machache mno, na nilipanda matatu ya alfajiri kwenda kufanya B2 Nairobi mara mbili kwa ajili ya sehemu hiyo tu.