Golden retriever au mbwa wa kienyeji: yupi wa kulea Mwanza?

Golden retriever alitokana na Uskoti ya karne ya 19, nchi ya baridi, na manyoya yake ya tabaka mbili hayapatani na jua letu. Mchana anataka kivuli na maji tele; matembezi yawe alfajiri. Kumchana ni kazi ya mara kadhaa kwa wiki, maana kupe hujificha humo. Anapenda maji mno, kwa hiyo akitoka ziwani mkaushe masikio, yasije yakaoza. Anafikia kilo 30 hivi na anakula kwelikweli.

Hapo wa kienyeji anashinda: manyoya mafupi, joto amelizoea, chakula chake nafuu. Hata kwa ulinzi, kwani golden humchangamkia kila mgeni.

Ila kwa upole na subira mbele ya watoto, golden namwamini zaidi. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima kwa wote wawili.

Una ua wenye miti Capri Point na mtu nyumbani kutwa? Mchukue golden. Unaishi chumba na sebule Igoma, alfajiri uko mwaloni kwenye soko la samaki? Wa kienyeji atakufaa, mradi umlee na watoto tangu mdogo.