Meza ya mbele si ya soda

Nilijizuia kuandika usiku ule ule kwa sababu ningetukana. Sasa wiki kadhaa zimepita, mitihani imeisha, nimelala usingizi wa kutosha kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze, na bado nikimkumbuka yule kijana wa ukumbi wa dansi akikikunja kile kikaratasi chenye jina langu na kukitia mfukoni, kifua kinanibana. Basi naandika hivi hivi, hasira ikiwemo. Anayetaka kujua kiingilio ni shilingi ngapi na muziki unaanza saa ngapi apige simu aulize. Mimi nataka kusema nilivyotendewa, au tuseme alivyotendewa baba yangu.

Kwanza niwajibu wasomaji wangu waliokuwa wanauliza nimepotelea wapi. Nilikuwa chuo. Mwaka wa tatu, muhula wa mwisho, kozi sita na utafiti juu yake, na msimamizi ambaye sura ya pili amenirudishia mara tatu, kila mara kwa kalamu nyekundu na neno moja: "Fafanua." Madesa, zile notisi za masomo nilizotoa kopi, yamejaa ndoo ya nguo. Nimeona watu wakidisko, yaani wakiondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa pili kwa kujisahau kidogo tu, kwa hiyo sikutaka mchezo.

Kitabu nilichosoma kwa raha yangu ni kimoja, Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota wakaitoa 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobel. Nimekisoma ndani ya mwendokasi, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine kitabu, kurasa tano asubuhi, kurasa nne jioni. Kiswahili chake kimetulia mno, usipoambiwa kwamba kilitoka kwanza kwa Kiingereza 1994 huwezi kujua. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anapandishwa treni na mfanyabiashara Aziz akidhani anakwenda kutembea kwa ndugu, kumbe baba yake ana deni na yeye ndiye rehani. Na Aziz si mkali. Ni mpole, amevaa vizuri, ananukia, anamtilia mtoto sarafu mkononi. Hilo ndilo lililonitesa. Pale Khalil anapomweleza Yusuf habari ya deni nilipitiliza kituo changu, nikaja kushtuka niko Kivukoni, pantoni ya Kigamboni inapakia watu mbele yangu.

Runinga nimeangalia kwa mama mwenye nyumba. Ni tamthilia ya Kituruki, zile zilizoingizwa sauti za Kiswahili, tunajaa sebuleni wapangaji wote na watoto kwenye mkeka. Nimekosa siku nyingi hata sijui aliyefungwa jela ametoka lini. Mama mwenye nyumba ananisimulia huku anachambua mchele, na masimulizi yake ni matamu kuliko tamthilia yenyewe. Kifurushi kikiisha tunachanga. Hapo sina lalamiko.

Lalamiko langu liko kwenye dansi.

Baba alikuja Dar kwa ajili ya kliniki ya macho, akafikia kwa shangazi Kimara. Bumu, pesa yetu ya kujikimu chuoni, lilikuwa limetoka. Nikasema safari hii simnunulii shati, nampeleka akasikilize bendi ikipiga mbele yake, maana mara ya mwisho alipoketi mbele ya bendi mimi sikuwa nimezaliwa. Baba ni wa Morogoro, na mtu wa Morogoro wa umri wake ukimgusa kwenye muziki umemgusa penyewe. Alikuwa mtoto wakati mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe na bendi yake ya Morogoro Jazz walipokwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970. Alikuwa kijana wa miaka 18 redio ilipotangaza, Januari 1979, kwamba Mbaraka amefariki kwa ajali ya gari Mombasa. Anasema jirani yao aliitoa redio nje akaiweka juu ya kinu kilichofudikizwa, watu wakaizunguka, na hakuna hata mmoja aliyekaa.

Nikapiga simu ukumbini. Ikapokea sauti ya dada mmoja mwenye heshima zake, akaniambia kuwekewa meza ya mbele ni elfu thelathini, mbali ya kiingilio. Nikatuma. Nilijua wiki mbili zinazofuata ni za wali maharage mchana na chai ya rangi usiku, na sikujali.

Jumamosi yenyewe baba alivaa suruali ya kitambaa, pasi imekaa mstari, na viatu alivyoving'arisha mwenyewe kwa kipande cha fulana kuukuu, ameketi kwenye kigoda cha shangazi. Tulifika mapema. Juu ya meza palikuwa na kikaratasi kimebanwa chini ya kisahani cha majivu, jina langu limeandikwa kwa peni ya bluu, wamekosea herufi moja. Baba alikisoma, akakirudisha pale pale taratibu. Akaagiza soda ya tangawizi. Nami nikaagiza hiyo hiyo.

Saa nzima tulikaa kwa amani. Bendi ni ya siku nyingi, sitaitaja kwa sababu ugomvi wangu si nao, ingawa kuna mahali nitaonekana nasitasita. Mimi dansi nimelijulia kwenye simu, linatoka kwenye kispika kidogo. Sikujua kwamba tarumbeta mbili na saksafoni zikiingia kwa pamoja zinakugonga mbavuni. Baba ananielekeza kwa kidole: msikilize wa gitaa la solo, sasa msikilize wa ridhimu anavyomjibu, sasa tulia, wakimaliza mashairi linakuja chemko, pale ala zinapochachamaa watu wacheze. Mguu wake wa kulia unapiga sakafu. Nilimtazama nikasema moyoni, elfu thelathini si kitu.

Hapo ndipo kijana akaja. Shati jeupe, kitambulisho kimening'inia shingoni. Hakumpa baba shikamoo. Narudia, mzee wa miaka sitini na zaidi, hata salamu hakupewa. Aliniinamia mimi akasema, "Sista, hii meza ina wageni, mtahamia kule nyuma." Nikamwonyesha kikaratasi. Nikamwonyesha meseji ya muamala kwenye simu. Akazitazama chupa zetu mbili, akasema, "Meza ya mbele si ya soda." Kisha akakichukua kile kikaratasi, akakikunja mara mbili, akakitia mfuko wa shati.

Nilisimama. Nilipaza sauti, sikatai. Niliitisha meneja, na meneja alipokuja akaniambia pesa yangu nitarudishiwa kesho yake, nitulie, nisiwaharibie watu starehe. Watu gani? Sisi tulikuwa nani? Nilipogeuka nimwombe baba anisaidie kusema, nilimkuta ameshainuka, ameshika chupa yake ya soda. "Mama, twende," ananiambia. "Twende tu, mama." Huniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. Akatangulia kupita katikati ya meza, chupa mkononi, anaomba radhi kila anapogusa kiti cha mtu, na vile viatu vinang'aa chini ya taa. Hapo nililia. Nililia mbele za watu na wala sioni aibu kulisema.

Kule nyuma hapakuwa na kiti hata kimoja. Tukaishia ubavuni mwa jukwaa, tumeegemea ukuta, upande waliosimama wapuliza.

Wageni wenyewe wakaja wanne, wakaletewa ndoo ya barafu imejaa chupa. Mmoja ni pedeshee, nadhani ukumbi wote ulikuwa unamjua. Alipanda jukwaani akambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, moja baada ya moja, na kuanzia hapo mshereheshaji hakuiachia maiki. Jina la yule bwana, mtaa wake, biashara yake, kisha jina tena. Waimbaji nao wakalidaka. Lile chemko ambalo baba alikuwa ananiandalia tangu tulipoketi lilifika, nikawa sisikii gitaa, nasikia jina la mtu mmoja.

Nikamwambia baba hata bendi yenyewe imejiuza. Akanikatalia palepale. Akasema bendi alizozijua yeye zilikuwa na mwajiri. NUTA Jazz, ile ya 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ikawa ya DDC, shirika la jiji. Polisi walikuwa na bendi yao, JKT na yao. Mpiga gitaa alikuwa na mshahara kama karani, na gitaa lenyewe ni la mwajiri. Mashirika yalipoyumba, mwanamuziki akabaki na kiingilio cha mlangoni na mkono wa anayemtunza. "Akikutunza utaachaje kumtaja? Wewe unataka watoto wake wale nini?"

Nimelifikiria sana hilo, na naona baba ana haki. Lakini nikishamwelewa mwanamuziki, yule kijana wa shati jeupe bado simwelewi. Bendi ilimtaja aliyetoa. Na mimi nilitoa, tena siku kadhaa kabla, kutoka kwenye pesa ya kula, na jina langu lilikuwa mfukoni mwa mtu.

Baadaye yule pedeshee alipita pale tuliposimama akielekea msalani. Akamwona baba. Akasimama, akasema, "Shikamoo mzee wangu," akaupokea mkono wa baba kwa mikono yake miwili, udi unamnukia, akauliza mbona mzee amesimama. Nilifungua mdomo. Baba akaniwahi: "Tunasikiliza tarumbeta, mwanangu." Dakika chache baadaye zikaletwa soda mbili za tangawizi, baridi, kutoka kwake. Baba akamwinulia ile chupa kwa mbali kushukuru, akanywa. Mimi yangu sikuigusa mpaka ubaridi ukaiisha kwenye ukingo wa jukwaa. Nilikuwa namfikiria Aziz wa kwenye kitabu. Huenda namwonea bure yule bwana, huenda hakuambiwa kabisa kwamba meza aliyokalia ilikuwa na watu. Baba alikuwa na nafasi ya kumwambia na hakumwambia, na kwa muda nilimkasirikia baba pia.

Sasa niseme lililonifanya niandike maoni haya kwa moyo uliogawanyika. Mpuliza tarumbeta wa karibu yetu alikuwa mzee mwenzake baba, taulo begani. Kila wimbo ukiisha aliinamisha tarumbeta, akabonyeza kile kiswichi kidogo cha chini, matone ya maji yakadondoka sakafuni, akafuta midomo kwa taulo. Mara ya tatu au ya nne alimtazama baba akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesema nimekuona. Usiku ulikuwa umekwenda, mshereheshaji ameshuka, ndoo ile imebaki maji. Wakaupiga wimbo wa zamani, baba aliutambua kwa besi peke yake, kabla gitaa halijaingia. Na chemko lilipokuja lilikuja zima, hakuna maneno juu yake. Tarumbeta ilikuwa hatua mbili kutoka sikioni kwangu. Nilisikia mpaka pumzi inavyochukuliwa kabla ya kupuliza.

Baba akacheza. Hakutoka pale aliposimama, alicheza ndani ya kigae kimoja cha sakafu, hatua ndogo ndogo, mikono imekunjwa kifuani, macho yake mabovu ameyafumba. Sijui ni dakika kumi au zaidi. Nimekuwa naye maisha yangu yote na sikuwahi kumwona vile.

Kwa hiyo niwaambieni nini? Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msikanyage ukumbi ule. Halafu nikifika kwenye hiyo tarumbeta naona ni dhambi kumkataza mtu. Nendeni basi. Meza msiweke, msitume hata shilingi mia kwa simu, lipeni mlangoni mkasimame upande wa wapuliza. Lakini nikisema hivyo ni kama nakubali kwamba mzee wa watu asimame ili aliyenunua ndoo akae, na sikubali. Uongozi wa ukumbi ule umechukua pesa ya mwanafunzi kwa kitu ambacho hawakuwa na nia ya kukitoa. Hiyo "kesho" ya meneja haijafika. Nimepiga simu mara nne. Mara ya mwisho alipokea yule yule dada mwenye sauti ya heshima, akaniuliza jina, nikalitaja nikalitamka herufi kwa herufi, akasema halioni kwenye daftari.

Juzi baba amenipigia kutoka Morogoro. Macho yanaendelea vizuri, anatakiwa kurudi kliniki mwezi ujao. Tukazungumza mengine, utafiti wangu, mvua, ndugu. Alipokuwa anaaga akaniuliza kama wale jamaa bado wanapiga Jumamosi. Nikamwambia wanapiga.

"Basi tutawahi," akasema, "tuupate ule ukuta."