Dodoso la Edmondson: sentensi saba za kupima kama watu wanathubutu kusema

Dodoso la usalama wa kisaikolojia, yaani hali ya watu kuthubutu kusema katika timu bila kuogopa kuaibishwa, alilolichapisha msomi wa Marekani, Amy Edmondson, mwaka 1999 lina sentensi saba tu, na mtu hulimaliza kabla chai yake haijapoa. Kila sentensi inaeleza hali ya timu, na mjazaji huipa alama kuanzia 1, yaani si kweli kabisa, hadi 7, yaani ni kweli kabisa. Kwa kuwa sentensi hizo zimechapishwa ndani ya makala yenyewe, gharama yetu katika idara nne za hospitali ninakofanya kazi ilikuwa karatasi na siku moja ya kutafsiri.

Ninalolipenda zaidi ni kwamba halimuulizi mtu kama yeye ni mwoga au jasiri, bali linamuuliza jinsi timu inavyomtendea aliyekosea, anayeomba msaada au asiyefanana na wenzake. Kwa hiyo alama husomwa kwa timu nzima, tena pale tu majibu ya wanatimu yanapokaribiana; katika wodi ambayo nusu wameandika 2 na nusu 6, wastani wa 4 hauelezi hali ya mtu yeyote.

Sentensi tatu kati ya hizo saba zimegeuzwa, kwa maana kwamba alama kubwa inaonyesha hali mbaya, na lazima zigeuzwe tena kabla ya kujumlisha. Mwanzoni niliona ni usumbufu, mpaka nilipokuta fomu zenye 7 kuanzia juu hadi chini, nikajua zimejazwa bila kusomwa.

Tafsiri ndiyo iliyotutoa jasho. Sentensi inayosema kwamba ni salama kujihatarisha katika timu hii iliwachekesha wauguzi, kwa sababu hakuna anayeingia wodini kutafuta hatari. Tuliiandika upya ili iulize kama mtu anaweza kusema au kujaribu jambo bila kuogopa kuaibishwa, ikaeleweka mara moja, ingawa kwa kufanya hivyo tulipoteza haki ya kulinganisha alama zetu na zile za tafiti za nje. Vilevile, dodoso halitenganishi ukimya wa hofu na ukimya wa adabu: wapo waliojibu kwamba matatizo magumu husemwa kwao, wakimaanisha kwamba humnong'oneza sista baada ya zamu, kamwe si mbele ya daktari.

Kosa kubwa lilikuwa letu wenyewe. Juu ya fomu tuliongeza nafasi za idara, kada na miaka ya kazi, tukaahidi kwamba majina hayatajulikana. Maabara ina watu watano, na mmoja tu ndiye aliyevuka miaka 20 kazini, nani asingemtambua? Fomu zote tano zilirudi na alama nzuri mno, huku hata zile sentensi tatu zikiwa zimejibiwa kwa uangalifu mkubwa. Nisingependekeza dodoso hili kwa kikundi kidogo kiasi hicho bila kuondoa kila kitu kinachoweza kumtaja mtu.

Kabla ya kulitengeneza, Edmondson alikuwa amechunguza makosa ya utoaji wa dawa hospitalini, na katika makala ya mwaka 1996 alieleza kwamba wodi zenye ushirikiano mzuri ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi, kwa kuwa watu wake hawakuyaficha. Nilimkumbusha jambo hilo mganga mfawidhi wetu tuliporudia upimaji kwa fomu zisizo na nafasi za kada wala miaka ya kazi, na sanduku lililofungwa kwa kufuli. Wastani wa maabara ulishuka, naye akauliza tumeharibu nini. Nilimwambia kwamba hizo ndizo alama za kwanza za maabara ninazoziamini.