TAHADHARI: Vifurushi vya "PC ya gemu" Mombasa, vipuri vizima visivyopatana

Kuna tangazo linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za kuuziana vitu hapa Mombasa. Picha hubadilika, nambari ya simu hubadilika, maneno ni yale yale: "Kifurushi cha PC ya gemu, jifungie mwenyewe. Core i7, RAM 16GB, GTX 1050 Ti 4GB, SSD 1TB, pawa 500W. Bei ya kutupa, leo tu." Muuzaji hatumtaji, kwa sababu si mmoja, na jina analotumia leo kesho hana. Mtambue kwa mtindo wake.

Wengi wanadhani utapeli hapa ni kuuziwa vitu vibovu. Vibovu vimo, tutavifikia, lakini biashara yenyewe inaendeshwa kwa vitu vizima. Mazabodi (ubao mkuu) ni nzima, prosesa (ubongo wa mashine) ni nzima, RAM (kumbukumbu ya muda) ni nzima. Ila hakuna kimoja kinachoelewana na mwenzake. Ukirudi unaambiwa hujui kufunga. Kisha, kwa huruma, unauziwa mazabodi nyingine na ile ya kwanza inachukuliwa kwa robo ya bei. Mazabodi mpya haiingii RAM uliyo nayo, unarudi tena. Safari ya tatu umeshatoa pesa ya mashine mpya ya dukani, na bado una mabati mezani. Anayewindwa ni yule anayejenga mara ya kwanza, maana fundi aliyezoea angeligundua tatizo kabla ya kutoa simu mfukoni.

Tuanze na hilo neno "Core i7". Hilo ni jina la ukoo tu. Habari iko kwenye tarakimu zinazofuata. i7-2600 ni ya 2011, i7-3770 ni ya 2012. Zote hukaa kwenye soketi (shimo la prosesa kwenye mazabodi) ya LGA1155 na kutumia RAM za kizazi cha DDR3. Windows 11 rasmi haizikubali, kwa Intel inaanzia kizazi cha nane, na Windows 10 Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. i3-12100F ya 2022 huziacha mbali hizo i7 mbili kwenye gemu, na ni "i3 tu". Kwa hiyo muuzaji asiyetaja namba yote ya prosesa, pamoja na herufi ya mwisho, mwache aendelee na safari yake.

Herufi ya mwisho ina kazi. F kwa Intel maana yake prosesa haina grafiki ya ndani: bila kadi ya grafiki, skrini haitaonyesha chochote hata mashine ikiwa salama. Kwa upande wa AMD, Ryzen 5 3600 na 5600 ni hivyo hivyo. 5600G ndiyo yenye grafiki. Mtu ameuziwa i5-9400F pamoja na kadi mbovu, skrini nyeusi, hana njia ya kujua kosa liko wapi. Muuzaji analijua hilo vizuri.

Mtego unaopendwa kuliko yote ni LGA1151. Soketi hiyo ilihudumia vizazi vinne vya Intel, lakini kwa makundi mawili yasiyosalimiana. Mazabodi za aina ya H110, B150 na B250 ni za kizazi cha sita na cha saba. Za H310, B360 na B365 ni za cha nane na cha tisa. Chukua i5-9400F uiweke kwenye H110: itakaa vizuri, kifuniko kitafunga, feni zitazunguka, na skrini itabaki giza. Hakuna kilichoungua, hazijuani tu. Ukisema soketi ni LGA1151 na prosesa ni LGA1151, hujasema uongo, na muuzaji naye hajasema uongo. Ndiyo maana anaupenda.

LGA1200 nayo ina wake: i5-11400F ya kizazi cha kumi na moja haiwaki kwenye mazabodi nyingi za H410 na B460, ingawa shimo ni lile lile, inataka H510, B560 na kwenda juu. LGA1700 inabeba kizazi cha 12, 13 na 14, lakini kuna mazabodi zake za DDR4 na nyingine za DDR5, na hakuna inayoweza kubadilishwa. Kwa AMD, soketi ya AM4 inapokea Ryzen kuanzia 1000 hadi 5000, ila mazabodi ya B450 iliyokaa kabatini na bayosi (programu ya kuwashia iliyo ndani ya ubao) ya zamani haitaitambua Ryzen 5 5600 mpaka isasishwe, na kuisasisha kwa kawaida unahitaji prosesa ya zamani uiazime mahali. AM5 ni DDR5 peke yake, hakuna mjadala.

Dawa ya yote haya ni dakika mbili za simu. Ingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza mazabodi, andika jina lake kamili kama lilivyochapwa kwenye ubao wenyewe, ufungue orodha ya prosesa zinazokubaliwa. Kando ya kila prosesa imeandikwa toleo la bayosi linalohitajika. Prosesa isiyokuwa kwenye orodha hiyo usiilipie hata ukiapiwa.

Kabla hujaondoka kaunta, mulika soketi kwa tochi ya simu. Kwenye soketi za LGA pini ziko upande wa mazabodi, mamia kwa mamia, na zinapaswa kung'aa kwa mistari iliyonyooka kama mkeka mpya. Pahali mwanga unapovunjika, kuna pini imelala. Piga video hapo hapo mbele yake, kwa sababu kesho ataapa kwamba umeipinda wewe. Angalia pia meno ya dhahabu ya RAM na ya kadi: vifaa vilivyokaa wazi kwenye hewa yetu ya chumvi huota ukungu wa kijani au unga mweupe kwenye miguso. Kidogo hufutika kwa spiriti ya asilimia 90 na zaidi. Ukiona kijani kimeingia chini ya chipu, rudisha.

Sasa kadi, ambako kuna uongo mtupu. GTX 1050 Ti halisi ilitoka Oktoba 2016 na chipu ya GP107: viini (vikokotozi vidogo vya kadi) 768, GDDR5 ya 4GB, njia ya kumbukumbu ya biti 128. Ile ya kwenye kifurushi mara nyingi ni GTS 450 au GTX 550 Ti, za 2010 na 2011, zenye viini 192, ambazo bayosi yake imeandikwa upya ili ijitambulishe kwa jina jipya. Windows inasoma jina hilo na kukuonyesha "GTX 1050 Ti" bila aibu. Mnunuzi anapiga picha ya skrini, anafurahi, analipa.

Igeuze uangalie nyuma, pale pa kuchomeka skrini. Kadi za GTX 10 za Nvidia hazikuja na VGA. Ukiona lile tundu la buluu lenye vishimo 15 kwenye "1050 Ti", ishuku papo hapo. Kisha fungua GPU-Z, programu ya bure isiyohitaji hata kusakinishwa, ubebe kwenye flashi yako mwenyewe. Usitazame jina, tazama chipu, viini na teknolojia. GF106 au GF116, nanomita 40, viini 192: hiyo ni maiti iliyovishwa kanzu. Matoleo ya GPU-Z tangu 2018 huandika yenyewe kwamba kadi ni bandia. Dalili nyingine ni ile ya "usisasishe draiva, tumia hii ya kwenye flashi yangu." Draiva halisi ikiingia, mashine inaanguka, ndiyo sababu ya onyo lake. Na Nvidia iliacha kutengenezea kizazi cha GTS 450 na GTX 550 Ti draiva mpya za gemu 2018, kwa hivyo gemu nyingi za leo hata hazitafunguka.

Kadi ya RX 580 ya AMD ina ndugu yake wa kisheria kabisa, anayeitwa 2048SP. RX 580 kamili ina viini 2304. Hiyo nyingine ina 2048, sawa na RX 570. Si mbovu, ila ilipiwe bei ya 570. "RTX 3060 ya 6GB" pia ikatae: ya mezani ilitoka na 12GB, baadaye 8GB, na yenye 6GB ni chipu ya laptopu iliyogandishwa kwenye ubao. Kadi zilizochimba sarafu za kidijitali zilimwagika sokoni baada ya Septemba 2022, Ethereum ilipoacha uchimbaji, na zipo hadi leo. Hizo huwezi kuzihukumu kwa macho. Iendeshe FurMark, programu ya kuikamua kadi, dakika 15. Ikianza kuchora vitone vya rangi au skrini ikazima, mrudishie.

Pawa saplai ndipo watu wanapofanyia uchumi, na ndipo nyumba inapojaa moshi. Usisome "500W" iliyochapwa kwa herufi kubwa. Tafuta kwenye stika safu ya +12V, chukua ampea uzidishe kwa 12. Ikiwa 16A, una wati 192 za kulisha prosesa na kadi, basi. RTX 3060 peke yake hula hadi 170W, na i5-12400F ikikaza hufika 117W. Mashine hiyo inataka 550W ya kweli, ambayo kwenye +12V itaonyesha zaidi ya 40A. Pawa ya bei ya kutupa pia ni nyepesi mkononi kama mkate wa mofa, maana ndani hakuna shaba.

Nyingi za hizo zina swichi nyekundu nyuma, 115 na 230. Stima yetu ni 240V. Zikija zimewekwa 115 ukazichomeka, utasikia mlio mmoja tu, na muuzaji atasema umeunguza mwenyewe. Iangalie kabla ya plagi, kila mara.

Halafu kuna "zawadi" ya adapta. Kadi inataka plagi ya pini 8, pawa haina, unapewa kikebo cha kugeuza plagi ya SATA (ile ya diski). Plagi ya SATA imepimwa kwa wati 54 kwenye 12V. Pini 8 huruhusiwa kuvuta 150. Plastiki inayeyuka kwanza, mengine hufuata. Adapta hiyo itupe.

Makasha ya ofisini yaliyopakwa taa za rangi yanastahili neno lake. Dell OptiPlex 9020 ni mashine nzuri ya kuandikia, lakini mazabodi yake hupokea plagi ya pawa ya pini 8, si 24 za kawaida, na pawa yake ya kasha kubwa ni 290W bila plagi ya kadi. Kilichobaki ni kadi inayotosheka na wati 75 za nafasi ya mazabodi, kama GTX 1650 isiyo na plagi. Na kama ni lile kasha jembamba, iwe fupi ya nusu kimo. Muuzaji anayekuuzia mashine hiyo pamoja na kadi ya plagi mbili anakusubiri urudi.

RAM: DDR3, DDR4 na DDR5 pengo lake liko mahali tofauti, haziingii kwa nguvu wala kwa upole. Hatari zaidi ni zinazoingia. RAM za seva zina herufi R kwenye stika, mfano PC4-2400T-R, ni rahisi sana, na mazabodi za kawaida hazizipokei. Kuna pia DDR3 za 8GB zinazofanya kazi kwenye AMD peke yake.

SSD (diski ya kuhifadhia) ya "1TB" ya bei ya ajabu ijaze yote kwa programu ya H2testw kabla ya kuiamini. Bandia hukubali kuandika, kisha hufuta ya mwanzo kimyakimya. Iliyotumika ifungue kwa CrystalDiskInfo uone saa ilizowashwa. Na SSD ya M.2 (yenye umbo la kiubao chembamba) yenye mapengo mawili mara nyingi ni ya SATA, njia ya zamani. Mazabodi nyingine nafasi yao ni ya NVMe tu, njia ya kasi zaidi, kwa hiyo hiyo haitafanya kazi.

Kulipa. "Kaka, tukutane feri saa moja usiku" ni jibu tosha: Likoni pale hakuna pa kuchomeka kitu. Dai mahali penye stima na skrini. "Mzigo uko kwa basi kutoka Nairobi, tuma nusu" pia ni hivyo hivyo, picha ya risiti ya basi hutengenezwa kwa simu. Hadithi ya kontena la Kilindini lisilolipiwa ushuru usiisikilize kabisa. Ikiwa ni uongo umeibiwa, ikiwa ni kweli umenunua kesi. Lipa kwa till ya M-Pesa, jina litakalojitokeza liwe la duka ulilosimama ndani yake. Risiti iandikwe namba kamili ya kila kipuri na namba yake ya mfululizo (serial), pamoja na mstari huu: "Vimeuzwa kama vinavyopatana, visipowaka pamoja vitarudishwa." Akikataa kuuandika, umeshapata jibu.

Kama umeshanunua, usibandue stika yoyote. Piga picha ya GPU-Z na CPU-Z (programu kama hiyo, ya prosesa), hifadhi tangazo lenyewe na mazungumzo yote kabla hajafuta. Ujumbe wa M-Pesa usambaze kwa 333, na uende kituo cha polisi upate namba ya OB (kitabu cha matukio). Maneno "mali ikiuzwa hairudishwi" yasikutishe: Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inakataza kueleza bidhaa kwa uongo. Ukimjua alipo, Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na sheria inataka uamuzi ndani ya siku 60. Kipuri chenyewe nenda nacho kikiwa kwenye mfuko ule ule alichokupa.