Filamu za migomo ya wachimba makaa ya mawe Marekani, Matewan au Harlan County, USA: ipi ya kuonyesha darasani UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma)?

Matewan (1987) inavutia zaidi, ila ukweli utenganishwe na ubunifu. Mapigano ya 19 Mei 1920 huko West Virginia yalitokea kweli: walikufa watu 10, wakiwemo wapelelezi 7 wa Baldwin-Felts, kampuni iliyokodiwa na wenye migodi, na meya Testerman. Mkuu wa polisi Sid Hatfield si wa kutungwa. Lakini Joe Kenehan, mhamasishaji wa chama cha wafanyakazi anayebeba hadithi nzima, ni wa kubuni. Hapo ndipo wanafunzi huteleza, wakamnukuu kama shahidi.

Harlan County, USA (1976) haina waigizaji. Ni mgomo wenyewe wa Brookside, Kentucky, 1973–74. Wagomaji wanapovamiwa gizani, kamera inayumba na risasi zinasikika. Ina upande, maana kamera ilikaa na wagomaji. Kwa kipindi cha saa 2, hii ya dakika 103 inatosha na maswali yanabaki na nafasi; Matewan inazidi saa hizo 2.