Mlinzi mwenye bunduki mtaani kwetu Kimara: tathmini baada ya miezi minane

Kutoka kituo cha mwendokasi hadi nyumbani kwangu Kimara ni mwendo wa dakika kumi na mbili, na kwa sisi tunaotoka kazini saa nne usiku, mwendo huo ndio unaotutia hofu. Kwa sababu hiyo nyumba kumi na nne tulikubaliana kuajiri mlinzi mwenye silaha kutoka kampuni binafsi, kwa mchango wa shilingi 40,000 kila nyumba kwa mwezi.

Kampuni imetimiza yaliyoandikwa katika mkataba. Askari hufika saa kumi na mbili jioni, husaini daftari, na sijawahi kumkuta amelala. Hata hivyo, ukisimama karibu naye utaona kwamba mkanda wa bunduki umeungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na nilipomuuliza ni lini alilenga shabaha mara ya mwisho, alinijibu kwa upole, "Tangu mafunzo ya mgambo, mama." Simlaumu yeye, nawalaumu waliomkabidhi silaha bila kumpa mazoezi.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba bunduki hiyo inalinda geti, wakati sisi tunaporwa njiani. Mwezi Machi jirani yangu alikwapuliwa mkoba na vijana wawili waliokuwa kwenye pikipiki, hatua kama themanini kutoka kibanda cha mlinzi. Askari alipiga kelele, akabaki lindoni, na naamini alifanya sahihi, kwa kuwa risasi katika barabara yenye watu ingeweza kuleta msiba kwa ajili ya mkoba. Isitoshe, silaha yenyewe huwavuta wahalifu: Julai 2015 majambazi walivamia kituo cha polisi cha Stakishari, Ukonga, wakaua askari na kupora bunduki. Ikiwa kituo cha polisi kilivamiwa, mzee wetu aliye peke yake kibandani atajihami vipi?

Tangu Aprili tumeongeza ulinzi shirikishi kupitia serikali ya mtaa, kwa shilingi 5,000 tu. Vijana sita, wenye filimbi, tochi na virungu, huzunguka hadi alfajiri, na wawili kati yao husubiri pale kituoni na kuwasindikiza wanaoshuka. Usiku wa kwanza mmoja aliniambia, "Shikamoo mama, leo umechelewa," nami nikatambua kwamba kuna mtu aliyekuwa akinihesabu. Wana dosari yao: walimchuchumalisha mpwa wangu kwa sababu hakuwa na kitambulisho, na ilibidi mwenyekiti awakanye vikali. Nyumba tatu pia zimefunga taa zinazomulika barabarani, na kona iliyokuwa ikitutisha kuliko zote sasa ina mama muuza chipsi hadi saa tano.

Jirani aliyeporwa ameanza kuulizia leseni ya bastola, ambayo kwa sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 hawezi kuimiliki bila kibali. Nimemsihi aache, kwa sababu bastola angeiweka katika mkoba uleule.

Mkataba wa kampuni unaisha Desemba. Sitauchangia tena, shilingi 40,000 zangu nimependekeza zinunue taa za njia ya kituoni na makoti ya mvua ya vijana wa doria.